Akiba inayooza: historia ya kutunza nguo za urithi majumbani

Mpenzi msikilizaji, wahenga walisema akiba haiozi. Lakini iko akiba moja, inayopatikana katika nyumba nyingi za Waswahili na za mataifa mengine, ambayo huoza kimyakimya huku mwenyewe akiamini kwamba iko salama. Akiba hiyo ni nguo ya urithi: mfarishi ulioshonwa na bibi, doti ya kanga aliyoolewa nayo mama, au kipande cha kitambaa alichorudi nacho babu kutoka Hija. Katika makala yetu ya leo tunaitazama historia ya kuzitunza nguo za namna hiyo majumbani, na tunauliza kwa nini baadhi yake zimedumu kwa mamia ya miaka na nyingine hazikumfikia hata mjukuu.

Tuanzie Saudi Arabia, ambako kuna mitaa miwili yenye jina moja. Mmoja uko Riyadh, mji mkuu, na wa pili uko Jeddah, mji wa bandari katika mwambao wa Bahari ya Shamu. Yote miwili huitwa Al-Nuzha, neno la Kiarabu lenye maana ya matembezi ya kujiburudisha. Tuseme ndugu wawili wamerithi mifarishi miwili iliyoshonwa kwa mkono mmoja na kwa pamba moja. Wa kwanza anaishi Al-Nuzha ya Riyadh, wa pili Al-Nuzha ya Jeddah. Kila mmoja anaukunja wake, anautia katika mfuko wa plastiki na kuuweka juu ya kabati. Baada ya miaka 20, wa Riyadh atakuta mfarishi wake umekakamaa na kuchanika penye mikunjo. Wa Jeddah atakuta wake una madoa ya kuvu na harufu isiyotoka. Ndugu wote wawili wametunza kwa nia njema, na wote wawili wamepoteza.

Mfarishi, ambao wengine huuita lihafu kwa kufuata Kiarabu, ni nguo ya kutandika au kujifunika yenye matabaka matatu. Juu kuna kitambaa, ambacho mara nyingi ni vipande vingi vilivyounganishwa. Katikati kuna pamba au sufi. Chini kuna bitana. Matabaka hayo hushikanishwa kwa mishono midogo inayopita kila mahali. Ni nguo ya watu wasiotupa kitu, kwa kuwa kipande cha kanzu iliyochakaa hupata maisha ya pili humo. Kwa sababu hiyo mfarishi mmoja unaweza kubeba nguo za watu kumi, na ukipotea, hupotea na watu wake.

Adui wa nguo

Wahifadhi wa majumba ya makumbusho huwataja maadui wachache wa nguo, na wote huingia nyumbani bila kubisha hodi. Wa kwanza ni mwanga. Jua la dirishani hupausha rangi na kudhoofisha nyuzi, na kilichochukuliwa na mwanga hakirudi tena. Wa pili ni unyevunyevu. Hewa ikikaa na unyevunyevu unaozidi asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu huanza kuota. Wa tatu ni ukavu uliokithiri, ambao huzifanya nyuzi zikakamae na kukatika zinapokunjwa.

Kisha kuna vumbi, ambalo chembe zake hukata nyuzi kila nguo inapotikiswa, na kuna wadudu. Nondo hupenda sufu ya kondoo na hariri. Pamba tupu haiwavutii sana, lakini pamba iliyotiwa wanga ili inyooke huwaita wadudu wengine wanaokula wanga. Adui wa mwisho huwa ndani ya nguo yenyewe. Rangi nyeusi na za kahawia za zamani, zilizokolezwa kwa chuma, hula nyuzi zake taratibu. Ndiyo maana katika nguo kuukuu sehemu nyeusi aghalabu hutoboka kabla ya nyekundu.

Riyadh iko jangwani, kiasi cha mita 600 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa kiangazi unyevunyevu wa hewa yake hushuka chini ya asilimia 20, na vumbi laini hupenya hata penye dirisha lililofungwa. Jeddah iko ufukweni, na hewa yake ni nzito kwa mvuke wa bahari. Jina la mtaa ni moja, lakini adui anayetangulia si mmoja. Tofauti hii ya hewa inaeleza pia kwa nini historia ya nguo za kale imehifadhiwa katika nchi moja na kupotea katika nyingine.

Jangwa lililohifadhi, pwani iliyopoteza

Mwaka 1913 wachimbaji wa Flinders Petrie walikuta rundo la vitambaa vichafu vya kitani katika makaburi ya Tarkhan, kusini mwa Cairo. Rundo hilo lilipelekwa London na kukaa miaka zaidi ya 60 bila kufunguliwa vizuri. Mwaka 1977 wahifadhi walipolisafisha, ndani yake walikuta kanzu yenye mikono na marinda madogo. Vipimo vya maabara vilivyofanyika baadaye vilionyesha kwamba kitani hicho kilifumwa kati ya mwaka 3482 na 3102 kabla ya Kristo. Kanzu hiyo imo leo katika Jumba la Makumbusho la Petrie, London. Hakuna aliyeitia dawa. Ukavu wa mchanga wa Misri ulitosha.

Sasa tugeukie pwani yetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo zilizofumwa katika mji huo zilisifika na kupelekwa hadi Misri. Wareno waliokuja baadaye waliisifu hariri ya Pate. Huko Kilwa na katika miji mingine ya kale ya Waswahili, wachimbaji wamepata vigurudumu vidogo vya kusokotea uzi, vingi vikiwa vimechongwa kutokana na vigae vya vyungu. Ushahidi kwamba watu wetu walisokota na kufuma haupingiki. Lakini nguo zenyewe ziko wapi? Chombo cha kusokotea kimebaki, uzi umeoza. Hewa ya bahari, mchwa, mvua na ardhi yenye majimaji zimekula karne nzima za kazi ya mikono.

Hii ndiyo hasara ya kwanza ya kukumbuka, mpenzi msikilizaji. Tunapokosa nguo za kale, wengine huja kusema kwamba mababu zetu hawakuwa na nguo ila zile walizoletewa na wageni. Kile kisichotunzwa hufunguliwa mlango wa kukanushwa.

Nguo ya Kaaba na vipande vyake

Katika nchi yenye zile Al-Nuzha mbili iko nguo maarufu kuliko zote katika ulimwengu wa Waislamu, nayo ni Kiswa, vazi jeusi la Kaaba katika mji wa Makka. Kiswa hufumwa kwa hariri na kutariziwa aya za Kurani kwa nyuzi zilizopakwa dhahabu na fedha. Kwa karne nyingi ilitengenezwa Misri. Kutoka Cairo ilisafirishwa kwa heshima kubwa pamoja na mahmali, kile kibanda cha kitambaa kilichobebwa na ngamia, na katika zama za meli ilipita katika bandari ya Jeddah.

Mwaka 1926 palizuka mapigano karibu na Makka kati ya wapiganaji wa Ikhwan na msafara wa Misri uliokuwa na mahmali. Baada ya mzozo huo Mfalme Abdulaziz aliamuru Kiswa itengenezwe Makka penyewe, na karakana ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1927. Misri ilirejea kuipeleka Kiswa kuanzia miaka ya 1930 hadi mwaka 1962, uhusiano wa kisiasa ulipoharibika tena. Tangu hapo kazi hiyo imebaki Makka, na mwaka 1977 kiwanda kipya kilifunguliwa katika eneo la Umm al-Joud.

Jambo linalotuhusu ni kwamba Kiswa hubadilishwa kila mwaka. Kwa muda mrefu ilibadilishwa tarehe 9 Dhulhija. Tangu mwaka 2022 hubadilishwa tarehe mosi Muharram. Ile inayovuliwa hukatwa vipande na kutolewa zawadi. Zamani walinzi wa Kaaba wa ukoo wa Bani Shaiba waliviuza baadhi ya vipande kwa mahujaji, navyo vikasafiri hadi Istanbul, Cairo, Bara Hindi na kwingineko. Vilivyofika katika hazina za masultani, kama ile ya kasri la Topkapi, vipo hadi leo. Vilivyofika majumbani, hatima yake ilitegemea watu wa nyumba.

Juu ya Kiswa yenyewe hutariziwa maneno yanayoeleza ilitengenezwa wapi na imetolewa na nani. Kwa hiyo kipande chenye maandishi hayo hata kikikutwa sokoni mbali na Makka kinaweza kujieleza. Kipande cheusi kisicho na neno hata moja kinahitaji mtu wa kukisemea. Akifa mtu huyo bila kuandika, kinabaki kuwa kitambaa cheusi tu. Jambo hili tutalirudia.

Leso sita na uhuru wa mwanamke

Sisi wa pwani hatukuwa na desturi kubwa ya mifarishi ya viraka. Baridi yetu si ya kuhitaji pamba nzito, na magodoro ya sufi yalitosha. Hata hivyo nguo tunayojitambulisha nayo kuliko zote, yaani kanga, kwa mujibu wa simulizi iliyoenea Mombasa na Zanzibar, ilianza kama nguo ya vipande.

Inasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa mjini walikuwa wakinunua leso za mkononi zenye kutiwa chapa, zilizoletwa na wafanyabiashara zikiwa bado hazijakatwa, zimefuatana katika jora moja. Walikata mkanda wa leso tatu, na mwingine wa leso tatu, wakaishona mikanda hiyo pamoja, na vipande sita vikawa vazi moja. Ndiyo sababu Mombasa hadi leo watu husema leso, neno lililotokana na Kireno, pale ambapo wengine husema kanga. Wafanyabiashara walipoona mtindo umependwa waliagiza kitambaa kizima chenye pindo na mji, kisichohitaji mshono. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alianzisha Mombasa biashara ya leso ambayo chapa yake, Mali ya Abdulla, inafahamika mpaka sasa. Huyo ndiye anayesifiwa kwa kuzitia leso maneno, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kirumi.

Nguo hiyo haikuwa pambo tu. Mtumwa alivaa merikani, ile pamba nyeupe isiyo na nakshi iliyoletwa na meli za Marekani, au kaniki, ambayo ni merikani iliyotiwa rangi ya nili. Baada ya amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa Zanzibar, wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki na kujifunga kanga zenye rangi na nakshi. Kwa wengi wao hiyo ilikuwa hati ya uhuru, na hawakuwa na nyingine. Hawakuwa na picha, barua wala shamba la kuandikisha. Walikuwa na doti moja mwilini.

Hata hivyo leso zile za vipande sita ni adimu mno kuonekana leo. Unyevunyevu wa pwani umechangia, lakini sababu kubwa ni desturi yetu ya matumizi. Kanga mpya huvaliwa harusini. Ikipauka huvaliwa nyumbani. Ikichoka zaidi hubebea mtoto, kisha huwa nepi, kisha huwa tambara la jikoni la kushikia sufuria. Nguo inayotumika mpaka uzi wa mwisho imetimiza kazi yake kwa heshima, lakini haiachi ushahidi. Leso iliyodumu ni ile ambayo siku moja mwanamke fulani aliikunja na kusema, hii haivaliwi tena.

Hekima ya kasha na makosa yake

Nguo hiyo isiyovaliwa tena ilitiwa katika kasha. Masanduku ya msaji yenye njumu za shaba yalikuja pwani kutoka Bara Hindi na Ghuba, na mengine yakatengenezwa Zanzibar na Lamu kwenyewe. Ndani yake mwanamke aliweka kanga zake za kisutu, zile nyekundu, nyeusi na nyeupe za bibi harusi, pamoja na dhahabu yake na hati zake. Katikati ya nguo alitia karafuu, rihani au asumini iliyokauka. Kabla ya kuzirudisha alizifukiza kwa udi na ubani juu ya chetezo. Na mara kwa mara, hasa masika yalipokwisha, alizitoa zote, akazipunga hewa na kuzikunja upya.

Wahifadhi wa leo wangemsifu bibi huyo kwa mambo mengi. Kasha huzuia mwanga, naye adui wa kwanza akabaki nje. Kasha lenye miguu huinua nguo kutoka sakafuni, penye maji na mchwa. Kule kuzitoa na kuzikunja upya kulikuwa dawa kuliko karafuu, kwa sababu mkunjo haukukaa mahali pamoja na wadudu hawakupata nyumba ya utulivu. Utaratibu kama huo ulikuwepo katika miji ya Waarabu. Toka Cairo hadi Damascus kulikuwa na fundi aliyepita akifumua mifarishi ya watu, akiichambua pamba iliyogandamana mpaka ikafura, kisha akaishona tena. Kwetu godoro la sufi lilianikwa juani na kupigwapigwa kwa fimbo.

Lakini kasha lilikuwa na kasoro zake. Mbao hutoa asidi kidogo kidogo, na nguo inayoligusa ubao kwa miaka hugeuka manjano mahali pale. Moshi wa udi una mafuta yanayoganda juu ya nyuzi na kukamata vumbi. Karafuu hunukia na huenda ikawafukuza baadhi ya wadudu, lakini mafuta yake huacha madoa ikigusana na kitambaa.

Kizazi kilichofuata kikaja na vidonge vyeupe vya nafthalini, na hapa pana hatari kubwa kuliko doa. Mvuke wa nafthalini unaweza kuvunjavunja chembe nyekundu za damu kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Upungufu huo ni wa kurithi, na umeenea Afrika Mashariki na katika nchi za Ghuba kwa pamoja. Wanaodhurika zaidi ni watoto wachanga. Kumfunika mtoto wa siku saba kwa nguo ya ukoo iliyotoka moja kwa moja katika vidonge hivyo ni jambo ambalo madaktari wamelionya mara nyingi.

Mifarishi miwili iliyosema

Hadi hapa tumezungumzia hewa, mbao na wadudu. Historia inatufundisha kwamba kuna hifadhi nyingine, nayo ni ya maneno. Mifarishi miwili ya mbali itatusaidia kulielewa hilo.

Mwaka 1841 meli iitwayo Rajah ilisafirisha wafungwa wanawake wapatao 180 kutoka Uingereza hadi kisiwa ambacho leo ni Tasmania. Kamati ya wasamaria iliyoongozwa na Elizabeth Fry iliwapa sindano, nyuzi na vitambaa. Njiani baadhi yao walishona mfarishi mkubwa wenye vipande zaidi ya 2,800, na katika upindo wake wakatarizi maneno ya shukrani kwa kamati hiyo pamoja na mwaka. Mfarishi ulirudishwa Uingereza ukatoweka kwa zaidi ya karne moja, hadi ulipoonekana tena Scotland. Mwaka 1989 uliingia katika Jumba la Sanaa la Taifa la Australia, ambako huonyeshwa kwa nadra tu kwa sababu ya mwanga. Ulitambulikana kwa sababu ulikuwa na maandishi.

Wa pili ni wa Harriet Powers, mwanamke Mwafrika aliyezaliwa utumwani mwaka 1837 katika jimbo la Georgia, Marekani. Alishona mfarishi wenye picha 11 za visa vya Biblia na kuuonyesha katika maonyesho ya mwaka 1886. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kuununua, Powers akakataa. Miaka michache baadaye shida zilimlazimisha auuze. Aliomba dola 10, akapewa dola 5. Inaelezwa kwamba baadaye alikwenda mara kadhaa kuutazama mfarishi wake katika nyumba ya mnunuzi.

Hadithi hiyo inauma. Lakini Powers, kabla ya kuuacha, aliieleza kila picha, na Smith akaandika maelezo hayo. Kwa sababu ya karatasi ile, leo mfarishi huo uliomo katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington unasomwa kama alivyokusudia mwenyewe. Mfarishi wake wa pili uko Boston. Yeye alifariki mwaka 1910, na kauli yake ingali hai. Hapa kwetu ni bibi wangapi walioshona, wakavaa, wakatunza, na hakuna aliyewauliza?

Nyumba mbili za Al-Nuzha

Turudi sasa kwa wale ndugu wawili, kwani wao ni mfano wa wasikilizaji wetu wengi walioko ugenini. Yupo binti wa Mombasa au Kampala anayefanya kazi ya nyumbani huko Riyadh, mwenye leso moja ya mama yake ndani ya begi. Iko familia ya Jeddah yenye sanduku lililotoka Unguja. Wote wanaweza kufanya mengi kwa gharama ndogo.

Kwanza, plastiki iondoke. Mfuko uliofungwa hufungia unyevunyevu ndani, na plastiki nyingi zikizeeka hutoa kemikali zinazonata. Badala yake nguo izungushiwe shuka jeupe la pamba, lililofuliwa mara nyingi na kusuuzwa hadi lisibaki na sabuni wala wanga. Shuka hilo hilo litandikwe ndani ya kasha ili nguo isiguse ubao. Inapowezekana nguo iviringishwe badala ya kukunjwa. Ikibidi kukunjwa, kitambaa kiviringishwe na kutiwa ndani ya kila mkunjo, na mikunjo ihamishwe kila baada ya miezi michache.

Pili, kila mtu aijue hewa yake. Wa Jeddah ajihadhari na likizo ya kiangazi, pale familia inaposafiri na kuzima kiyoyozi kwa miezi miwili. Humo ndimo kuvu huzaliwa. Nguo isiwekwe katika kabati lililo ukutani upande wa nje wala karibu na bafu, na ipungwe hewa siku kavu. Wa Riyadh asiiweke mbele ya kiyoyozi wala dirishani, aifunike vizuri dhidi ya vumbi, na asiikung'ute kwa nguvu. Mtu anayeishi Zanzibar au Lamu afuate mwenendo wa Jeddah. Anayeishi London au Toronto aepuke dari la juu na chumba cha chini ya nyumba, kwa kuwa joto na baridi hupishana humo.

Tatu, nguo iwekwe ikiwa safi, kwani jasho na chakula ndivyo vinavyowaita wadudu. Lakini nguo kuukuu isitupwe katika mashine ya kufulia. Rangi ijaribiwe kwanza kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, na ikihama, isifuliwe kabisa. Wadudu wakionekana, majumba ya makumbusho hutumia baridi. Nguo hufungwa barabara ndani ya plastiki kwa muda huo tu, ikagandishwa katika friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha huachwa siku nzima ipate joto kabla ya kufunguliwa. Njia hii haihitaji nafthalini.

Nne, na hili ndilo la msingi, nguo ipewe maneno yake. Chukua kipande cha utepe wa pamba, uandike kwa wino usiotoka: imeshonwa na nani, wapi, mwaka gani, ilivaliwa siku gani, na imepitia mikono ya nani. Ukishone kwa mishono miwili mitatu kwenye upindo. Ikiwa bibi yu hai, rekodi sauti yake akieleza. Maneno yaliyochapishwa juu ya kanga ni ya kila aliyeinunua. Kisa cha nani aliivaa na kwa nini kiko kinywani mwa mtu mmoja.

Tusidhani kwamba serikali na makumbusho vitaifanya kazi hii peke yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na lililokuwa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar, iliporomoka na kuua watu wawili. Majengo nayo huchoka. Mwaka huo huo UNESCO iliuingiza ufumaji wa Sadu wa mabedui wa Saudi Arabia na Kuwait katika orodha ya urithi wa binadamu, na sanaa hiyo ilifika huko kwa sababu kina mama waliendelea kuwafundisha binti zao mahemani, muda mrefu kabla ya kuwepo orodha yoyote.

Historia yetu ya nguo ilipotea mara moja katika udongo wa Kilwa na Pate, na hapakuwa na wa kulaumiwa, kwani mvua haishtakiwi. Ikipotea mara ya pili ndani ya makabati yetu, wa kuulizwa tutakuwepo. Basi, mpenzi msikilizaji, ukimaliza kutusikiliza lifungue lile kabati. Itoe nguo ile katika mfuko wake, uitandaze juu ya shuka safi, na umpigie simu mzee wako umuulize ilikuwa ya nani.